Madonge ya Biskuti: Kitamutamu cha Idi Kisichotaka Tanuri, kwa Walio Meru na Embu

Kutoka Mombasa hadi Meru ni safari ya kilomita zipatazo 700 kwa njia ya Nairobi, na Embu iko njiani, kiasi cha kilomita 130 baada ya kuuacha mji mkuu. Idi ya Mfunguo Mosi, kwa upande wake, ni sikukuu ya siku moja katika kalenda ya serikali, na haijulikani kwa yakini itakuwa lini mpaka mwezi uandame. Yaweke mambo haya mawili pamoja, utaona kwa nini watoto wetu wengi husali Idi mbali na nyumbani. Hawana ubaridi wa dini wala hawajasahau kwao. Siku moja haitoshi kwenda na kurudi.

Nao si wachache. Wako mabanati na vijana waliopata nafasi katika Chuo Kikuu cha Embu, au katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru, kwenye njia ya kwenda Maua. Wako walimu na wauguzi waliopelekwa huko kikazi. Wako dada zetu walioolewa na wafanyabiashara wa huko, wakapanga chumba kimoja au viwili katika mitaa kama Majengo, mtaa ambao jina lake linatukumbusha pwani ingawa upepo wake unatoka Mlima Kenya. Waislamu wa Meru na Embu ni jamaa wachache kati ya majirani wengi wasiosherehekea Idi. Misikiti ipo, swala ya Idi inasaliwa na takbira zinasikika. Lakini mwenye kutoka msikitini akirudi chumbani asikute hata sahani moja ya kitamutamu, siku hiyo humpita kama Jumanne yoyote. Na mtoto mdogo anayelelewa huko hujifunza Idi kwa kile anachokiona nyumbani kwao, kwa kuwa mtaani hakuna atakachokiona.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili dogo la mapishi. Vileja, keki na biskuti za kusukuma zinataka tanuri, na nyumba nyingi za kupanga zina mtungi wa gesi wa meko moja au jiko la makaa. Visheti na kaimati zinataka karai la mafuta ya moto, na hayo katika bweni la wanafunzi ni marufuku. Kununua keki ya duka kwa ajili ya familia na wageni ni gharama, na tunajua nyumba zinazoingia katika deni la Idi ambalo bado halijalipwa Idi ya pili inapofika. Kwa hiyo wiki hii tumechagua kitamutamu ambacho hakiokwi wala hakikaangwi, hutengenezwa kwa bakuli moja na mikono miwili, na chaweza kufanywa na msichana aliye peke yake bwenini sawasawa na mama mwenye watoto wanne.

JINA LAKE NA TAHADHARI YAKE

Wazungu huviita vitamutamu hivi trafuli. Asili ya jina ni aina ya uyoga wa thamani kubwa unaomea chini ya ardhi huko Ufaransa na Italia. Donge la chokoleti lililogaragazwa katika unga wa kakao hufanana na uyoga huo uliotoka mchangani, ndipo jina likahamia kwenye tamu. Sisi tumeona madonge ya biskuti ni jina linalotosha, maana ndivyo yalivyo. Na mwenye kujua ladu na kashata za pwani hataona ugeni mkubwa mbele yake.

Ila ipo tahadhari. Huko yalikotoka, madonge ya namna hii mara nyingi hutiwa ramu, na yako mapishi ambayo jina lake lenyewe linatokana na pombe hiyo. Anayefuata maelezo aliyoyapata popote asisome viungo kwa haraka. Vilevile arki ya vanila ya chupa mara nyingi huwa imeyeyushwa katika alkoholi, na baadhi ya peremende laini za kupambia huwa na jelatini itokanayo na wanyama ambao hatujui walivyochinjwa. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kulipa, na panapokuwa na alama ya Kenya Bureau of Halal Certification, moyo hutulia zaidi. Katika mapishi yetu tumeiacha arki kabisa tukaweka hiliki. Haina shaka yoyote, na harufu yake ndiyo harufu ya nyumbani.

MAHITAJI

Kwa madonge 30 hivi, kila moja likiwa na uzito wa tende moja nene:

Biskuti za chai zisizo na malai ndani, gramu 250
Maziwa mazito ya kopo yenye sukari, gramu 250 (zaidi kidogo ya nusu ya kopo kubwa)
Siagi, gramu 50
Unga wa kakao usio na sukari, vijiko 4 vya kulia
Makadamia yaliyomenywa, gramu 80 (au njugu karanga zilizokaangwa na kumenywa)
Hiliki iliyosagwa, nusu kijiko cha chai
Chumvi, ncha ya kidole
Nazi kavu iliyosagwa, kikombe kimoja, ya kugaragazia

Sukari haikutajwa kwa kuwa imo ndani ya biskuti na ndani ya maziwa, na inatosha. Mwenye kuongeza nyingine atayaharibu.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kwanza, ziponde biskuti. Zitie katika mfuko safi wa plastiki ulio mzito, ufunge mdomo, kisha usukume juu yake kifimbo cha chapati huku na huku. Asiye na kifimbo atumie chupa. Mwenye kinu na mchi atwange humo kidogo kidogo. Nyingi ziwe unga, lakini ziache punje chache kama mchanga mnene, ili donge liwe na kitu cha kutafunwa.

Pili, yakate makadamia vipande vidogo kwa kisu. Ukiwa na sufuria, yageuze juu ya moto mdogo bila mafuta kwa dakika 3 au 4 mpaka yaanze kupata rangi, kisha yaache yapoe. Aliye bwenini bila moto atayatumia yalivyo, mradi amenunua yaliyokwisha kukaangwa.

Tatu, changanya vikavu vyote katika bakuli kubwa: unga wa biskuti, kakao, hiliki, chumvi na makadamia. Kakao ichunge kwanza kwa kichujio cha chai, maana mabonge yake hayavunjiki tena yakishalowa.

Nne, yeyusha siagi. Panapokosekana moto, tia siagi katika kikombe cha bati na ukisimamishe ndani ya bakuli la maji ya moto ya birika. Itayeyuka kwa dakika chache. Imimine juu ya vikavu, kisha tia maziwa mazito. Usiyatie yote kwa mara moja. Tia robo tatu, changanya kwa kijiko mpaka kiwe kizito, kisha endelea kwa mkono. Biskuti hazinywi sawa, ziko zinazotaka maziwa zaidi na ziko zinazotosheka mapema. Unapofinya tonge likashikana bila kupasuka na bila kuganda viganjani, simama hapo hapo. Likiwa jepesi mno, ongeza biskuti mbili zilizopondwa. Likiwa kavu, ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja.

Tano, funika bakuli uliweke mahali pa baridi kwa nusu saa. Hatua hii huipa biskuti muda wa kunywa maziwa, nayo siagi hukaza. Anayeiruka hupata madonge yanayolala sahanini kama chapati.

Sita, paka viganja siagi kidogo au vilowe kwa maji, chukua kijiko cha mchanganyiko, viringisha mpaka donge liwe laini, kisha ligaragaze katika nazi. Panga katika sinia, funika, yaache yakaze kwa saa 2 au usiku mmoja.

Kazi hii ya mwisho wape watoto. Hakuna moto wala mafuta ya kuwaka, na mchanganyiko hauna yai bichi wala unga mbichi, hivyo hata anayelamba kidole hadhuriki. Mtoto aliyeviringisha madonge kumi kwa mkono wake hatasahau kwamba kesho ni Idi.

MAKADAMIA: UTAJIRI ULIO MLANGONI

Kwa nini tumetaja makadamia, na pwani tumezoea korosho? Kwa sababu Meru na Embu ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazoilima kwa wingi, na mpishi mzuri hupika kwa kilichoko sokoni kwake. Mti huu kwao ni Australia. Uliletwa Kenya mwaka 1946, ukapandwa kwanza karibu na Thika, kisha ukaenea katika mashamba madogo ya miteremko ya Mlima Kenya, ukisimama kando ya kahawa. Sehemu kubwa mno ya mavuno huuzwa ng'ambo, na mkulima anayeuchuma mara nyingi hali kokwa zake. Mwaka 2009 serikali ilikataza kusafirisha makadamia ghafi yenye maganda, ili yabanguliwe hapa nchini na kazi ibaki kwetu. Mwishoni mwa 2023, bei kwa mkulima ilipokuwa imeanguka sana, katazo hilo liliondolewa kwa muda. Mama wa huko anayeuza kilo zake kwa dalali mlangoni anazijua habari hizi kwa mfuko wake. Kununua kwake moja kwa moja, hata kilo mbili za sikukuu, kunamfaa yeye na kunakufaa wewe.

Lakini nunua kwa macho. Kwa tamaa ya kutangulia sokoni, wapo wanaochuma kokwa kabla hazijakomaa, ndiyo maana katika miaka ya karibuni mamlaka za kilimo zimekuwa zikifunga uvunaji katika miezi ya mwisho wa mwaka. Kipimo chake ni rahisi. Makadamia iliyokomaa ina mafuta zaidi ya asilimia 70, na mafuta ni mepesi kuliko maji. Baada ya kuivunja, idondoshe kokwa katika bakuli la maji. Iliyokomaa huelea, na changa huzama. Ikaushe vizuri kabla ya kuitumia. Ganda lake ni gumu kuliko subira ya watu wengi: liweke katika kishimo cha jiwe lisiteleze, uligonge kwa nyundo pigo moja la wastani. Kokwa zilizomenywa ziweke katika chombo kilichofungwa, kwa kuwa mafuta hayo hayo yanayozipa utamu ndiyo yanayozifanya ziwahi kuvunda zikiachwa wazi.

Mwaka 2026 na mwaka 2027 Mfunguo Mosi unatarajiwa kuangukia Machi, wakati makadamia mapya yanapoingia sokoni. Ni riziki iliyokuja kwa wakati wake.

NAMNA NYINGINE MBILI

Baada ya Ramadhani tende hubaki katika kila nyumba. Chukua tende 250 gramu, zitoe kokwa, zimwagie maji ya moto kidogo kwa dakika 10, uyamwage maji, kisha uziponde kwa uma. Changanya na gramu 200 za biskuti zilizopondwa, gramu 40 za siagi iliyoyeyushwa, tangawizi kavu nusu kijiko cha chai na ufuta uliokaangwa wa kugaragazia. Haya hayana maziwa mazito wala kakao, gharama yake ni ndogo, na wazee wasiopenda utamu mkali huyapenda zaidi.

Ya pili ni ya watu wazima. Pika kahawa tungu nzito kwa buni ya huko huko, uichuje, uiache ipoe, kisha uitie vijiko viwili vya kulia katika mapishi ya kwanza ukipunguza maziwa kiasi hicho hicho. Embu na Meru zilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo ambako Waafrika waliruhusiwa na serikali ya kikoloni kulima kahawa yao wenyewe katika miaka ya 1930, baada ya zao hilo kufanywa haki ya walowezi peke yao. Kuilisha familia kwa kahawa hiyo siku ya Idi ni jambo lenye maana yake.

BARIDI YA MLIMA NA JOTO LA PWANI

Aliyezoea jikoni la Mombasa ataona tofauti. Meru na Embu usiku baridi yaweza kushuka chini ya nyuzi 15, na sinia lililofunikwa na kuwekwa dirishani, mbali na sisimizi, hukaza bila jokofu. Humo chumbani madonge hukaa salama siku 2 au 3. Katika jokofu hukaa wiki nzima. Pwani mambo ni mengine. Chokoleti huanza kulegea kabla hata haijafika joto la mwili wa binadamu, na alasiri ya Machi huku kwetu haiko mbali na hapo. Kwa hiyo anayetaka kuyafunika madonge kwa chokoleti iliyoyeyushwa afanye hivyo akiwa bara. Anayeyatuma kwa basi kuja kwa wazazi ayagaragaze katika nazi au ufuta, ayapange katika kopo lenye kifuniko, na aweke karatasi kati ya safu na safu.

SAHANI YA JIRANI

Dini yetu imetuhimiza mno juu ya jirani, wala haikumtenga jirani wa dini nyingine. Katika ploti ya vyumba kumi ambamo Muislamu ni mmoja, sahani yenye madonge sita iliyofunikwa kwa kitambaa safi huieleza Idi kuliko maneno. Wengi wa majirani hao watauliza siku hii ni ya nini, na mtoto wako ndiye atakayejibu. Jambo moja tu: taja kwa ulimi kwamba ndani mna kokwa na maziwa, kwa sababu wapo wanaodhurika na vitu hivyo vibaya sana. Kwa watoto wadogo yatwange makadamia yawe unga, wasije wakapaliwa na vipande.

Na mpangilio wa matumizi usisahaulike. Zaka ya Fitri hutangulia, pishi kwa kila kichwa, itoke kabla ya swala. Tende chache huliwa kabla ya kutoka, kwa hesabu ya witiri. Kitamutamu huja baadaye. Nyumba iliyotimiza la kwanza ikabakiwa na pakiti moja ya biskuti na kopo la maziwa haina upungufu wowote mbele ya wageni wake.

KWA MWENYE KUTAKA KUUZA

Baadhi ya dada zetu huko bara hawana kipato chao wenyewe, na madonge haya yanaweza kuwa mwanzo. Kanuni ni kuandika kila kitu. Tuseme, kwa mfano tu, vitu vyote vimegharimu shilingi 900 na umepata madonge 30: kila donge limekusimamia shilingi 30. Ongeza shilingi 5 ya karatasi na kisanduku, huwa 35. Ukiuza kwa 50, unabakiwa na 15 kwa kila moja, yaani 450 kwa sinia. Humo toa nauli ya sokoni na uthamini saa zako. Kinachobaki ndicho faida. Anayeuza bila hesabu hii hujikuta ameilisha mitaa kwa hasara yake. Na kabla ya kuwauzia watu nje ya nyumba, nenda ofisi ya afya ya kaunti upimwe upate cheti cha mshughulikia chakula. Hutakiwa kwa sheria, na humpa mnunuzi imani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisiwe na tundu.

Tunawaomba akina mama mlioko pwani muikate karatasi hii au muipige picha, mumpelekee binti aliye Nchiru, Embu, Chuka au Maua. Mkiweza, tieni katika kifurushi cha basi kikebe cha hiliki na pakiti ya nazi kavu. Vilivyobaki atavipata dukani kwake. Usiku mwezi utakapoandama, mpigieni simu mkiwa mnaviringisha huku naye akiviringisha kule, mlinganishe uzito wa tonge na kiasi cha maziwa. Kazi nzima haizidi saa moja, ukiacha muda wa kukaza.

Idi Mubarak kwenu nyote, walio nyumbani na walio safarini.